Betri Iliyogandishwa kwa Gundi

Hivi ni nani aliyewashauri watengenezaji wa vipakatalishi waigandishe betri ndani kwa gundi, ilhali wanajua fika kwamba betri ya lithiamu huchakaa kila inapochajiwa, na joto huizeesha haraka zaidi? Joto lenyewe hapa Lamu tunalo la kugawia dunia nzima!

Tunaambiwa chaji ibaki kati ya asilimia 20 na 80. Ndugu zangu, umeme ukirudi baada ya kukatika tangu alfajiri, nani kati yenu huchomoa waya kwenye 80?

Yangu ilifura kama andazi, ikakisukuma kibao cha kugusia mpaka kikagoma kubonyeka. Fundi aliibandua kwa kadi ya plastiki, taratibu, jasho likimtiririka, kwa kuwa betri iliyofura ikitobolewa huweza kushika moto. Nyingine niliiagiza Mombasa, ikavushwa kwa boti kutoka Mokowe, nikaitia: dakika arubaini, kiza. Hiyo ndiyo mpya?

Simu zetu za zamani tulizifungua kwa ukucha, tukabadilisha betri tukiwa tumeketi barazani. Iweje chombo cha maelfu ya shilingi kihitaji upasuaji?