Boti ya tanga kwa Ziwa Kivu: chumba au wepesi?

Anayetaka boti ndogo ya tanga ya kuvuta kwa remorki, atoke Goma Jumamosi, alale kisiwani Idjwi na kurudi Jumapili, kwa kawaida huuliza kwanza ina vitanda vingapi. Mimi ningeanza na uzito wake ikiwa ufukweni.

Tuchukue boti mbili zinazojulikana. Catalina 22, ya Marekani, ina urefu wa mita 6.5 hivi, chumba cha kulala na mkuku (uti mzito ulio chini ya boti) wa chuma unaokunjwa. Inazidi kidogo tani moja. Wayfarer, iliyobuniwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957, ina mita 4.82, haina chumba, na mwili wake ni kilo 169.

Hoja ya chumba ni nzito. Msimu wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, dhoruba ya radi huweza kushuka Kivu ghafla, na usiku kwenye mwinuko wa mita 1,460 ni baridi kwa mtoto aliyelowa. Tena mkuku wenye uzito huirudisha boti ikilala ubavu. Wayfarer ikipinduka, waliomo ndio wanaoiinua na kuchota maji. Kwa familia yenye watoto wadogo sibishani na hoja hii.

Lakini piga hesabu ya barabarani. Tani moja ya boti, remorki ya kilo 350 hivi, motere, nanga na mizigo: karibu kilo 1,500. Hiyo ni kazi ya Land Cruiser na remorki yenye breki. Karibu sehemu moja ya kumi ya uzito ikae kwenye ndoano. Ikipungua, remorki huyumba nyuma ya gari. Halafu kuna kushusha majini. Ufukwe wa Goma ni mawe ya lava yenye ncha, na pasipo na mteremko wa saruji tani moja haisogei. Boti nyepesi, watu wanne huitelezesha juu ya vigogo vya migomba. Mlingoti wa Catalina unazidi mita 7: kabla ya kuusimamisha tazama juu, maana alumini ikigusa waya wa umeme inaua.

Mwinuko nao una lake. Hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo upepo wa kasi ileile unasukuma tanga kwa nguvu ndogo zaidi, na motere inapoteza nguvu kiasi hicho hicho. Asubuhi ziwa likitulia, boti ya kilo 300 na mizigo yake huenda kwa makasia. Ya tani moja inataka motere ya nguvu farasi 5 au 6, tena kabureta irekebishwe, la sivyo petroli inazidi hewa, buji inachafuka, na motere inazima mbali na nchi kavu.

Wengine hushauri farumi (uzito wa kuituliza boti) ya maji, kama ya boti ya MacGregor 26, inayobeba zaidi ya kilo 500 za maji tumboni na kuyamwaga ikitolewa ziwani. Inavutika vizuri. Hatari ni tangi lililojaa nusu: maji hukimbilia upande ulioinama na kuizidishia boti kulala.

Ubao wa kati wa boti nyepesi, unaoshushwa majini badala ya mkuku, una ugonjwa wake: changarawe za lava hukwama ndani ya sanduku lake, ubao ukagoma kushuka. Usiisukume boti juu ya changarawe. Itie nanga nje kidogo, na mita 50 za kamba, kwani kina huanguka haraka.

Kisha mazuku. Kati ya Goma na Sake, gesi ya kaboni dioksidi, inayoua, hutoka ardhini na kutuama mabondeni, hasa usiku upepo ukilala. Boti wazi huwashawishi watu kulala ufukweni, na chumba cha boti iliyovutwa bondeni hakikingi kitu. Laleni mahali palipoinuka.

Kwa watu wazima wawili au watatu wa Goma, naona boti wazi yenye turubai inashinda. Bukavu uamuzi unageuka: ghuba zina kinga, boti hukaa majini miezi, remorki haitumiki sana. Huko Catalina inafaa, ila mnunuzi akague pini ya mkuku na waya wa winchi unaouinua kabla ya kulipa. Pini iliyolika huufanya mkuku ugongegonge kwa kila wimbi, na kuibadilisha kunataka boti nzima iinuliwe juu.