"Ndugu null, tunakushukuru"

Ndivyo zilivyoanza barua pepe zilizotumwa na programu niliyoiandika mwenyewe. Haikuanguka, wala haikuripoti kosa lolote. Ukiunganisha stringi (vipande vya maandishi) kwa alama ya kujumlisha, lugha ya programu ya Java ikikuta `null`, yaani alama ya kwamba hakuna thamani, huandika tu herufi hizo nne na kuendelea na safari. Heri ingeanguka.

Ninachojutia zaidi ni dawa niliyoitumia. Kila `null` niliigeuza kuwa `""`, stringi tupu isiyo na herufi hata moja. Salamu zikawa "Ndugu , tunakushukuru", na mkato wake ukining'inia, lakini hasara yenyewe ilikuwa kwenye data. Kwa jina la kati, `null` ilimaanisha mtu hajaulizwa. `""` ilimaanisha ameulizwa na hana. Baada ya usafi wangu, hatukujua tena nani wa kuulizwa. (Hifadhidata ya Oracle huhesabu stringi tupu kuwa NULL, kwa hiyo huko tofauti hiyo hufa bila hata kuiua.)

Siku hizi sizitaki zile `if (jina != null && !jina.isEmpty())` zilizotapakaa kila kona. Mtu akisahau nusu ya kwanza, anavuna NullPointerException, kosa linaloangusha programu. Akikumbuka zote mbili, nafasi tatu zilizobonyezwa na kidole kivivu bado zinapita kama jina halali. `isBlank()`, iliyokuja na Java 11 mwaka 2018, huzinasa, ila ukiiita juu ya `null` inalipuka vilevile.

Mimi naamua mlangoni, data inapoingia kutoka kwenye fomu au faili. Cha lazima nakipitisha kwenye `Objects.requireNonNull`, kisipokuwepo kilipuke hapohapo, si kurasa kumi mbele. Kikiwepo, `strip()` inakipangusa nafasi tupu za mwanzoni na mwishoni. Cha hiari, methodi inakirudisha ndani ya `Optional`, kisanduku kinachoweza kuwa na kitu au kuwa kitupu, ili anayekiomba alazimike kufikiri. Kuanzia hapo ndani, hakuna anayeuliza tena.

Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta aliyeibuni `null` mwaka 1965 alipokuwa akisanifu lugha ya programu ya ALGOL W, baadaye aliiita kosa lake la dola bilioni 1. Namheshimu mzee, ila kutojua ni jambo la kweli, na lazima liandikwe kwa namna fulani. Kinachoniudhi ni `String` ya Java kutokuambia kama ndani yake `null` inaruhusiwa au la.

Zile barua? Jina lisipojulikana, sasa zinaanza na "Habari".