Harufu ya Pombe Isifunge Faili la Mgonjwa

Mjomba wangu, mvuvi wa dagaa wa upande wa Igombe, alifikishwa hospitali usiku akiwa hajitambui, nguo zikinuka gongo, baada ya kuanguka kutoka kwenye bodaboda na kulala kando ya barabara kwa saa kadhaa. Majibu ya damu yalipotoka, tuliambiwa kwamba vimeng'enya vya ini vimepanda na kwamba ini lake limekwisha kwa pombe. Mama yangu, ambaye ni dada yake, aliangua kilio palepale. Naamini maneno yale yalisemwa mapema mno, na ushahidi uliokuwepo haukuyatosha.

Kulewa usiku mmoja na kuugua ini ni mambo mawili. Kiwango cha pombe katika damu hueleza saa chache zilizopita, ilhali vimeng'enya hueleza kwamba seli fulani zimejeruhiwa, na mara nyingi havisemi zimejeruhiwa na nini. Madaktari hutazama hasa vimeng'enya viwili, AST na ALT. AST inapozidi ALT mara mbili au zaidi, pombe hushukiwa, kwa sehemu kwa sababu wanywaji wa muda mrefu hupungukiwa na vitamini B6, ambayo ALT huihitaji. Hata hivyo AST haikai katika ini peke yake. Imo pia katika misuli na katika moyo. Mtu aliyeanguka, aliyepata degedege, au aliyelalia paja lake juu ya ardhi ngumu usiku kucha anaweza kuwa na AST ya juu bila ini lake kuguswa. Kipimo cha CK, kinachoonyesha kuumia kwa misuli, kingesaidia kutenganisha mambo hayo. Hakikuombwa.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu nyingine za kutokuwa na haraka. Kichocho cha tumbo, ambacho watu wa mialoni na visiwani hukipata kwa kukanyaga na kuoga maji ya ziwa tangu utotoni, hujenga makovu kuzunguka mishipa ya ndani ya ini, na mgonjwa anaweza kufikia kutapika damu huku AST na ALT zikikaribia kawaida. Hata ini lililosinyaa kwa pombe yenyewe linaweza kutoa namba za kutuliza. Namba ya juu basi haimhukumu mnywaji, na namba ya chini haimwachilii.

Linaloniuma zaidi ni yale yanayosubiri wakati watu wamekwisha kuridhika na neno "amelewa". Pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya, na mvuvi aliyekunywa bila kula tangu mchana anaweza kushuka sukari ya damu mpaka akaropoka, akayumba na kupoteza fahamu, dalili zilezile ambazo kila mtu wodini anaziita ulevi. Tone moja la damu kidoleni hujibu swali hilo kwa sekunde chache. Damu inayovujia ndani ya fuvu nayo hujificha vivyo hivyo, hasa kwa mtu aliyeanguka kutoka kwenye pikipiki bila kofia ngumu.

Simtetei mjomba katika unywaji wake. Tumemsema sana, na mimi nimemsema kuliko wote. Ninachodai ni kwamba mlevi apimwe kama mgonjwa mwingine yeyote, na kipimo cha ini kirudiwe kabla ndugu zake hawajatangaziwa msiba.

Chake kilirudiwa baada ya wiki mbili. AST ilikuwa imeshuka kabisa, ALT imebaki juu kidogo, na daktari aliyemwona safari hiyo akaagiza apimwe homa ya ini aina ya B. Virusi vilikuwepo. Alimweleza kwa upole kwamba kwa ini lenye virusi hivyo pombe ni ya kuachwa moja kwa moja, kisha akaomba mkewe na watoto wanne waletwe kupimwa, ili ambao hawajaambukizwa waanze chanjo wiki hiyohiyo.