Pweza ana mioyo mitatu. Halafu?

Majarida mengi ya sayansi ya vijana yanaugua ugonjwa mmoja: "Je, wajua?" Je, wajua kwamba pweza ana mioyo mitatu? Mtoto wa miaka kumi na miwili anajua. Alishalisoma hilo akiwa na miaka saba, pembeni ya picha kubwa yenye rangi. Sasa anauliza kingine: mitatu ya nini? Mwambie kwamba miwili husukuma damu kwenye matamvua na wa tatu huisambaza mwilini, na kwamba huo wa tatu husimama pweza anapoogelea, ndiyo maana hupenda kutambaa. Hapo atakusikiliza. Pengine atakuuliza mtu aligunduaje kwamba moyo wa pweza umesimama, na swali hilo ndilo linalostahili kurasa nne.

Mimi napima jarida kwa kazi linayompa msomaji. Oktoba 1970, Martin Gardner, mwandishi wa safu ya michezo ya hisabati ambaye chuoni alisomea falsafa wala si hisabati, aliandika katika Scientific American kuhusu mchezo uliobuniwa na mwanahisabati John Conway. Jarida lile ni la watu wazima, lakini mchezo ulihitaji karatasi ya miraba, kokoto na subira tu. Kila kijumba kina majirani wanane. Chenye kokoto kikiwa na majirani hai wawili au watatu, kinaendelea kuishi. Wakipungua kinakufa kwa upweke, wakizidi kinakufa kwa kusongwa. Kitupu chenye majirani hai watatu kamili kinapata uhai. Kanuni zimeisha.

Panga kokoto tatu kwa mstari: zitalala, zitasimama, zitalala tena, bila kukoma. Lakini kuna mpango mmoja wa kokoto tano tu ambao hautulii mpaka vizazi 1,103 vipite, yaani hatua 1,103 za kanuni hizo. Conway aliahidi dola 50 kwa atakayethibitisha kama kuna mpango unaoweza kukua bila mwisho au la. Yeye alidhani haupo. Kabla mwaka haujaisha, Bill Gosper na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walikuwa wameupata. Mtaalamu kakisia vibaya, tena hadharani, na wasomaji wa jarida wakamwonyesha. Niambie ni picha gani ya dainosari inayoweza kushindana na hilo!

Mwaka huohuo wa 1970, Umoja wa Kisovieti ulianzisha Kvant, jarida la fizikia na hisabati la wanafunzi. Andrei Kolmogorov, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ile, alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Lilitoa maswali magumu na wasomaji wakatuma majibu yao. Magumu kwelikweli, nasisitiza, maana siku hizi wahariri wanaogopa kijana atachoka. Kijana anayekesha akitafuta njia ya kumaliza mchezo wa kompyuta hachoki upesi hivyo.

Kati ya majarida ya sasa, Frontiers for Young Minds ndilo linalonifurahisha. Lilianza 2013 na linasomwa bure kwenye intaneti. Wanasayansi huandika, kisha makala hupelekwa kwa wahakiki wa miaka 8 hadi 15, wakisaidiwa na mshauri mtu mzima. Fikiria profesa anarudishiwa kazi yake na binti wa miaka kumi na mmoja: aya ya pili haieleweki, andika upya. (Baadhi ya walimu wangu wangefaidika sana na binti huyo.)

Kuhusu karatasi au skrini sina ugomvi mkubwa. Karatasi ina faida moja: aliyefungua makala ya mashimo meusi anaweza kuangukia kuvu kwenye ukurasa wa pili bila kutaka, ilhali kwenye skrini ataletewa mashimo meusi mengine mpaka alale.

Ninaposhika jarida nisilolijua, naanza na ukurasa wa barua. Natafuta barua ya msomaji anayepinga kitu, na jibu la mhariri chini yake. Nikizikosa, nalirudisha mezani hata kama jalada linang'aa.