Wilaya Iliyobaki Kwenye Namba za Magari

Tanzania namba ya gari haisemi mwenyewe anatoka wapi. T, tarakimu tatu, herufi tatu, basi. Gari la Mtwara na la Bukoba yamo kwenye foleni ileile ya alfabeti. Ujerumani ni kinyume: herufi za mwanzo hutaja wilaya au mji gari liliposajiliwa. Kwa hiyo nilipofika Wetzlar, mji wa kamera za Leica katika jimbo la Hesse, nikakuta gari la LDK limeegeshwa ubavuni mwa gari la WZ, nilitaka kujua mji mmoja unakuwaje na herufi za aina mbili. Kumbe hapo kuna marehemu aliyegoma kuzikwa: Wilaya ya Wetzlar, iliyofutwa mwishoni mwa 1976.

Wilaya yenyewe tangu mwanzo ilikuwa kituko cha ramani. Mkutano wa Vienna wa 1815 uliipa Prussia, ufalme mkubwa wa Kijerumani wa enzi hizo, mji wa Wetzlar, na mwaka 1822 wilaya jirani ya Braunfels ikaunganishwa nao. Ikawa kisiwa cha Prussia kwenye nchi kavu, dola ya Nassau upande mmoja, dola ya Hesse-Darmstadt upande wa pili. Ilihesabiwa ndani ya Mkoa wa Rhine, mambo yake yakipelekwa Koblenz, mbali kule karibu na mto Lahn unapoingia Rhine. Mwaka 1866 Prussia iliimeza Nassau nzima, na mtu angetarajia sasa mpaka utanyooshwa. Wapi! Faili za Wetzlar ziliendelea kwenda Koblenz kwa miaka 66 mingine, hadi 1932 wilaya ilipohamishiwa mkoa wa Hesse-Nassau.

Ukimwonyesha mtaalamu wa mipango ramani ya namna hiyo atashika kichwa. Lakini wilaya yenyewe ilidumu zaidi ya karne moja na nusu.

Kisha wakaja wataalamu. Miaka ya 1960 na 1970 Ujerumani Magharibi ilishikwa na homa ya kuunganisha: wilaya za vijijini 425 zilipungua hadi chini ya 240. Sina ugomvi na hilo. Vijiji vingi vilikuwa vidogo mno kuendesha shule au mfumo wa majitaka. Huku katikati ya Hesse walitaka mji mmoja mkubwa, wenye nguvu kati ya Frankfurt na Kassel. Sheria ikapitishwa 1974: Giessen, Wetzlar na vijiji 14 vya kati yao viwe mji mmoja wenye watu kama 156,000. Jina lake? Lahn. Jina la mto. Waziri mkuu wa Hesse wakati huo, Albert Osswald, aliwahi kuwa meya wa Giessen, kwa hiyo aliyetaka kushuku alikuwa na pa kuanzia.

Mji wa Lahn ulizaliwa tarehe 1 Januari 1977. Machi ya mwaka huohuo ukaja uchaguzi wa mitaa, na SPD, chama kilichoubuni mji, kikapigwa mweleka humohumo. Tarehe 31 Julai 1979 mji ukavunjwa. Miezi 31! Kuna mikopo ya boda boda inayochukua muda mrefu kuliko huo.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Giessen ilirudishiwa wilaya yake kwa jina lake. Wetzlar haikurudishiwa. Iliachwa ndani ya wilaya mpya ya Lahn-Dill pamoja na watu wa Dillenburg, ikapewa makao makuu kama kifuta machozi. Magari yakabaki na herufi L, masalia ya mji usiokuwapo tena, mpaka 1990, Ujerumani mbili zilipoungana, na Leipzig, mji wa upande wa Mashariki, ukaitaka L yake. Ndipo ikaja LDK, yaani Lahn-Dill-Kreis; Kreis ni wilaya.

Wapo wanaowacheka watu wanaogombania herufi mbili za bati. Mimi siwacheki. Kuunganisha ofisi ni hesabu, na hesabu ile huenda ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kudhani jina ni sehemu ya hesabu. Wakenya waliacha mikoa wakaingia kaunti tangu 2013, na bado utamsikia mtu akisema "Nyanza" bila kusita. 

Mwaka 2012 WZ, herufi za wilaya ile iliyofutwa, ilirudi. Niliwahi kusimama kwenye kibanda cha kuchonga vibao, jirani na ofisi ya usajili. Fundi alipanga herufi, akaingiza bati jeupe kwenye mashine, likatoka limevimba WZ bila rangi, kisha akalipitisha kwenye moto wa rola nyeusi. Mteja alilipokea likiwa bado na joto. Hakulitia kwenye mfuko. Alilibeba kwapani, herufi zikitazama nje, akavuka barabara kwenda kugongewa mhuri.