Kasi ya Taa Haitoki Katika Upana wa Mwanga

Wiki hii nimesoma tangazo jingine la vifaa vya kusafirisha data kwa mwanga, na nimekuta dai lile lile: kwamba mwanga unaoonekana una nafasi ya masafa inayoizidi ya redio mara maelfu, na kwa hiyo msongamano wa mawasiliano yasiyotumia waya umepata dawa. Linanikera kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwanga huo unaanzia takribani terahezi 400 hadi 790, hilo halina ubishi, lakini taa ya LED haiitumii nafasi hiyo hata kidogo kwa namna redio inavyotumia masafa yake.

Redio hubeba data kwa kubadilisha kimo, masafa au awamu ya wimbi moja lililo nadhifu. Mwanga wa LED ni mchanganyiko wa mawimbi yasiyolingana awamu; tunachoweza kukibadilisha ni ukali wake tu, na fotodiodi, yaani kihisi cha mwanga, iliyo upande wa pili hupima ukali huo huo. Upana halisi wa njia, basi, ni wepesi wa taa yenyewe kung'aa na kufifia. Taa nyeupe ya kawaida ni kipande cha buluu kilichofunikwa kwa fosfori, tabaka linalogeuza sehemu ya buluu kuwa njano, na kwa kuwa fosfori huchelewa kuzima, taa hiyo huishia megahezi chache. Kichujio cha buluu kikiwekwa mbele ya kipokezi, njano hiyo ya polepole hubaki nje na upana huongezeka mara kadhaa.

Kasi iliyobaki yote inatafutwa kwa modulesheni, yaani namna ya kuibebesha taa data, na hapa ndipo sifa zinapostahili kwenda. Njia nyepesi ni kuwasha na kuzima. Ili mfululizo mrefu wa sifuri usiifanye taa ififie machoni, usimbaji wa Manchester huipa kila biti nusu ya mwanga na nusu ya giza, na gharama yake ni upana maradufu. Anayetaka zaidi huenda kwenye OFDM, ambayo hugawa data katika vibebaji vidogo vya masafa tofauti vinavyopita sambamba. Tatizo ni kwamba ishara ya OFDM ni ya namba changamano (zenye sehemu halisi na sehemu ya kufikirika) na huweza kuwa hasi, ilhali hakuna mwanga hasi. Kwanza nusu ya vibebaji hulazimika kuiakisi nusu nyingine ili ishara iwe ya namba halisi. Kisha, katika aina iitwayo DCO-OFDM, ishara yote hunyanyuliwa juu ya sifuri kwa mkondo wa kudumu usiobeba biti hata moja. Aina nyingine, ACO-OFDM, iliyopendekezwa mwaka 2006, hutumia vibebaji vya namba witiri pekee na kukata kila kilicho chini ya sifuri, na upotoshaji wote wa ukataji huo huangukia vibebaji shufwa vilivyoachwa wazi, bila kuigusa data. Kila ninapoipitia hesabu hiyo naiona ni kazi ya heshima kubwa, na hakuna tangazo linaloitaja.

Kwa taa inayomulika chumba, naipendelea DCO, kwani mkondo wake wa kudumu ndio huo huo unaotoa mwanga wa kuonea. Taa ikipunguzwa sana hoja hiyo huanguka, na ACO huanza kustahili, ingawa hupoteza nusu ya kasi kwa kuacha vibebaji shufwa.

Nakiri kwamba LED ndogo mno za maabara zimepita megahezi 100, na kasi za gigabiti zimepatikana. Hizo si taa za dari. Tena IEEE 802.11bb, kiwango cha kimataifa cha mawasiliano ya mwanga cha mwaka 2023, kimechagua miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, nanomita 800 hadi 1,000, nje kabisa ya mwanga unaosifiwa.

Wanaouza vifaa hivi waandike aina ya modulesheni, umbali, kiwango cha makosa ya biti na ukali wa taa wakati kasi ilipopimwa. Mnunuzi ana haki ya kujua kama kasi hiyo itakuwapo taa ikiwa imepunguzwa.