Pointi tano za msomaji wa simu

Kuna ubishi usioisha kati ya waandishi, wachapishaji wadogo na sisi tunaosanifu kurasa, na kila ninapousikia naona upande mmoja unakatizwa kabla haujamaliza kusema. Ubishi wenyewe ni huu. Mswada ukishahaririwa, tuuandae kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji, halafu PDF ileile iliyokwenda kiwandani tuiuze pia kama kitabu pepe? Au tuyaandae maneno kwanza, yakiwa bado hayajafungwa kwenye ukurasa, ndipo tuyatoe mara mbili: kurasa za karatasi, na faili la EPUB ambalo maandishi yake hujipanga upya kulingana na upana wa kioo cha simu?

Wengi ninaofanya nao kazi huchagua njia ya kwanza, na sababu zao si za kubeza, nitazifikia. Wanaotetea njia ya pili huitwa watu wa kompyuta, wanaomwongezea mwandishi gharama kwa jambo ambalo hakuliomba. Nadhani wanaonewa, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwa nini.

Kitabu cha A5, yaani nusu ya karatasi ya A4, kina upana wa milimita 148. Kioo cha simu ya kawaida kina milimita 68 hivi. PDF ikifunguliwa kwenye simu, ukurasa mzima hubanwa uenee humo, kwa hiyo kila kilichomo kinabaki na asilimia 46 tu ya ukubwa wake. Herufi za pointi 11 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), ambazo ndizo tunazopangia riwaya nyingi, zinashuka hadi pointi 5. Ile "a" ndogo, ambayo kwenye karatasi ina kimo kinachokaribia milimita 2, kwenye simu haifiki hata milimita 1.

Msomaji ataweka vidole viwili na kukuza. Herufi zitaonekana, lakini mstari utatoka nje ya kioo. Ukiondoa pambizo, mstari wa A5 una urefu wa milimita 110 hivi. Akikuza hadi herufi zirudi pointi 11, kioo kinaonyesha milimita 68 za mwanzo, na 42 zimejificha. Inabidi asukume ili amalizie mstari, kisha arudishe ili aanze unaofuata. Ukurasa una mistari 32. Kitabu cha kurasa 160 kina mistari 5,120. Misukumo miwili kwa kila mstari ni misukumo 10,240. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi nikitumaini nimekosea mahali, lakini jibu ni lilelile. Kuna mtu amelipa fedha yake ili asukume kioo mara elfu kumi.

Jioni moja nilisimama ndani ya basi la mwendokasi la kwenda Kimara, Dar es Salaam, karibu na dada aliyekuwa anasoma hadithi kwa namna hiyo. Mkono mmoja umeshika bomba la juu, mwingine umeshika simu. Kukuza kwa vidole viwili kunataka mkono wa pili, naye hakuwa nao. Akajaribu kugonga kioo mara mbili kwa dole gumba, ukurasa ukaruka hadi kwenye pambizo tupu. Akaurudisha. Ukaruka tena. Kabla hatujafika Ubungo alikuwa ameshalifunga faili na kuingia WhatsApp, ambako maandishi humfuata yenyewe bila kusukumwa. Sikuona uvivu wa kusoma pale.

Watetezi wa PDF wana majibu mawili ya haki. La kwanza, msomaji anaweza kukuza kiasi cha kuziondoa pambizo tu, mstari mzima ukaenea. Ni kweli, na hapo herufi zinakuwa pointi 6.8, ambazo kijana mwenye macho mazima atazimudu kwa muda. La pili, simu inaweza kulazwa. Hilo lina nguvu zaidi: simu ikilazwa, upana wa A5 unaenea karibu wote na herufi zinabaki vilevile. Ila kioo kinaonyesha theluthi moja ya ukurasa, na kushika simu iliyolala kunataka mikono yote miwili. Kwa anayesoma kitandani au mezani, inafaa kabisa.

Sasa tuutazame mswada wenyewe, maana tatizo huanzia huko, kabla hata msanifu hajauona. Chukua mswada kama ninavyoupokea kila mara, ubonyeze kitufe cha kuonyesha alama zilizofichwa. Kila nafasi inageuka kitone, kila Enter inageuka alama ya aya. "SURA YA TATU" imefikishwa katikati ya mstari kwa vitone thelathini na kitu vilivyojipanga kama siafu. Ili sura ianze ukurasa mpya, mwandishi amebonyeza Enter mara 19. Yaliyomo yameandikwa kwa mkono, nukta baada ya nukta hadi kwenye namba ya ukurasa. Kwenye A4 ya mwandishi, nyumbani kwake, kila kitu kimekaa mahali pake, na ndiyo maana haamini unapomwambia kuna kasoro. Hamisha sasa kwenda A5: vitone vinakisukuma kichwa hadi mstari wa pili, na zile Enter 19 zinazaa ukurasa mtupu. Hamisha kwenda kwenye simu: msomaji anafika mwisho wa sura ya pili, anakutana na weupe mtupu, anadhani kitabu kimekwisha.

Dawa yake haitaki fundi. Programu ya kuandikia ina staili, yaani mipangilio yenye majina: kila kichwa cha sura kipewe staili ya kichwa, aya ziwe na staili ya aya, nukuu ndefu iwe na yake, na sura ianzishwe kwa amri ya kukata ukurasa. Mimi huisafisha riwaya ya ukubwa huo kwa siku mbili. Mwandishi akifanya hivyo tangu anaanza kuandika, hakuna cha kusafisha. Na mambo ya kiwandani hayaguswi hata kidogo. Milimita 3 za kukatia pembeni mwa jalada zitawekwa. Kurasa zitafikishwa kwenye mafungu ya 16 kama kawaida. Upana wa mgongo utakokotolewa kwa idadi ya kurasa na unene wa karatasi. Hayo yote huja mwishoni kwa vyovyote vile.

Kinachoniuma zaidi ni lugha. Programu tunazopangia kurasa zimefundishwa kukata maneno ya Kiingereza. Kiswahili hukata baada ya irabu: ki-ta-bu, wa-na-fu-nzi. Programu ikiachwa na kanuni za Kiingereza inaweza kukupa "kit-abu" na "wan-afunzi". Msanifu anayejali huzima ukataji huo, kisha anaweka vistari kwa mkono pale mistari inapoachana sana. Kwenye karatasi kazi inapendeza. Baadaye mtu anaichukua PDF hiyo na kuigeuza kwa haraka kuwa kitabu cha simu. Vistari vinakuja navyo na kuangukia katikati ya mstari: "kita-bu", "mwa-limu". Kichwa cha juu ya ukurasa na namba yake navyo vinaingia ndani ya sentensi, unasoma "akafungua mlango 73 Sura ya Tano akamkuta mama yake". Halafu mchapishaji anasema amejaribu vitabu pepe na wasomaji hawakuvipenda.

Ng' nayo ina kisa chake. Katika mswada mmoja nilikuta alama tatu tofauti za ritifaa (kile kialama cha juu cha ng'), kwa kuwa mwandishi aliandika sura nyingine kwenye simu na nyingine kwenye kompyuta. Kwenye karatasi jicho halikamatwi kirahisi. Kwenye faili la kusomea, mwanafunzi akitafuta "ng'ombe", programu nyingi zinamletea zile zenye ritifaa aliyoiandika yeye tu, nyingine zinapotea. Na ile tabia ya kompyuta ya kuweka herufi kubwa baada ya nukta hutuharibia vifupisho: "n.k." na "k.m." zinafuatwa na herufi kubwa katikati ya sentensi, tena mahali ambapo hata msoma prufu mzuri, anayekagua kurasa kabla hazijachapwa, huweza kupitiwa.

Mwaka 1930, ilipoundwa kamati ya lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, moja ya kazi zake ilikuwa kuipitia miswada na kuipa ithibati kabla haijawa vitabu. Walichokuwa wanakipitia ni tahajia, maneno na jinsi yanavyoachanishwa. Ukurasa ulikuwa shughuli ya mchapaji. Ninapodai maneno yaandaliwe kwanza, sioni kama naleta jambo geni.

Kuna na wasomaji ambao ukurasa hauwafai kabisa. Asiyeona husomewa na simu. EPUB iliyotiwa alama kwamba lugha yake ni Kiswahili inaiwezesha simu kuchagua sauti ya Kiswahili, kama inayo, na kuruka kutoka sura hadi sura. PDF iliyotokana na kurasa zilizopigwa picha haina neno hata moja la kusomwa. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaorahisisha kuwatengenezea watu hawa nakala wanazoweza kusoma, mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2020. Mkataba unafungua mlango wa sheria, lakini mtu bado atahitaji faili lililo safi ili afanye kazi hiyo.

Na waandishi wenyewe hupoteza. Masahihisho ya prufu hufanywa kwenye faili la msanifu, mswada wa mwandishi unabaki na makosa ya zamani. Nilishawahi kuitwa kuandaa toleo la pili la kitabu ambacho mchapishaji wake alikuwa na PDF peke yake, nayo ni ya kurasa zilizopigwa picha. Kompyuta ya msanifu wa kwanza ilikuwa imekufa. Tulikaa tukakichapa upya neno kwa neno kutoka nakala ya karatasi, na tukaingiza makosa mapya ambayo hayakuwamo.

Upande wa pili sasa. Soko la vitabu kwetu linabebwa na shule, na darasani mwalimu husema "fungueni ukurasa wa 47". Kwenye simu, ukurasa wa 47 haupo, au kila mwanafunzi ana wake. EPUB 3 inaruhusu namba za kurasa za karatasi zipachikwe ndani ya maandishi, lakini ni kazi ya ziada, na si kila programu ya kusomea huzionyesha. Kwa kitabu cha kiada chenye michoro, majedwali na mazoezi yanayotazamana kurasa mbili, mimi mwenyewe ningeipa PDF kipaumbele.

Fedha nazo. Mchapishaji mdogo anapigia hesabu karatasi na jalada. Ukimwambia alipie pia EPUB, na kila umbo la kitabu liwe na ISBN yake, yaani namba yake ya utambulisho, anaona anatozwa mara mbili kwa wanunuzi wachache. Namwelewa. Namwomba tu akumbuke kwamba siku mbili za kusafisha mswada zinapunguza pia kazi ya kurasa za karatasi.

Hofu ya wizi siwezi kuiondoa. Mwandishi akiuza nakala moja ya PDF kwa shilingi 5,000, jioni iko kwenye kundi la watu mia tano. EPUB inayotumwa kwa mkono inasambaa vilevile. Maduka ya mtandaoni yanaweza kuifunga, nayo huchukua fungu lao. Kwa anayesema hatatoa kitabu pepe kabisa kwa sababu hiyo, sina hoja ya kumlazimisha.

Hoja iliyonisumbua kweli ni ya washairi. Mshororo wa shairi la mizani 16 una vipande viwili, ukwapi kwanza na utao baadaye, na jicho hushuka kwa safu mbili likitafuta vina. Nilitunga mmoja kwa ajili ya majaribio: "Kitabu si karatasi, kitabu ni neno lake." Una herufi 40 ukihesabu na nafasi na alama. Simu yenye herufi za kusomeka hubeba 30 hadi 35, kwa hiyo "lake", au "neno lake", linaanguka peke yake chini, na kina cha utao kinapotea. Utenzi hauna shida hiyo, kipande chake cha mizani 8 kinaenea bila wasiwasi. Lakini shairi huvunjwa, na mtunzi aliyehesabu kila silabi ana haki ya kukasirika.

Mzee mmoja mtunzi alinikatalia kwa sababu hiyohiyo. Nikamwomba aniachie beti tano. Kila mshororo nikaukata palepale kwenye kituo cha katikati: ukwapi juu, utao chini yake umeingizwa ndani kidogo, na nafasi pana kati ya mshororo na mshororo. Nikamtumia. Siku iliyofuata nilimkuta barazani ameshika simu mbali na uso, anahesabu mizani kwa vidole vya mkono wa kushoto. Alirudia ubeti wa tatu mara mbili. Akasema karatasi niiache kama alivyoipanga yeye, nisiiguse hata nukta. Hii ya simu niendelee nayo, ila ile nafasi ya kuingiza utao niiongeze kidogo.